Ubeti wa Tatu

Thunder Bay, Ontario
2 Novemba 1986

Mdogo wangu Martti,

Hujambo huko barabarani? Dougal na gitaa lake la besi hawajambo? Huku kwetu hatujambo. Sirkka anakusalimu sana, anasema soksi ulizoacha zimefuliwa na hatazituma kwa posta, uzifuate mwenyewe. Mimi mwili mzima, masikio ndiyo hayo unayoyajua.

Nakuandikia kwa sababu simu kwangu sasa ni pambo la ukutani. Ulipopiga Jumapili, Sirkka alinishikisha nikasikia upepo tu, nikaitikia "ndiyo, ndiyo, ndiyo", kumbe ulikuwa unaniuliza kama nimekukasirikia. Mke wangu alicheka mpaka akakaa sakafuni. Basi jibu lako hili hapa: sijakukasirikia kwa sababu ya mimi kuacha bendi. Niliacha mwenyewe. Wa kukasirikiwa ni lile ghala la nafaka kule bandarini, maana nilisimama chini ya mikanda yake miaka sita bila hata kipande cha pamba sikioni, nikatoka hapo nikaenda kukaa nyuma ya dramu miaka kumi na mitano. Halafu bendi tukaiita Ghala Namba Nne, kama vile tunalishukuru.

Najua bado unaiwaza siku ile ya Brandon. Acha kuiwaza. Ukumbi ulikuwa na sakafu ya zege, na zege haliniambii kitu. Mbao zinaniambia. Watu walidhani navua viatu jukwaani kwa mbwembwe, na mimi nilikuwa natafuta wimbo kwa nyayo. Siku ile Dougal alishusha bega kunionyesha mwisho, kama tulivyozoeana, lakini taa zilikuwa zimenijaa machoni. Nilipoinua uso, nyote mmenigeukia, gitaa lako linaning'inia, na watu wanacheka. Mpaka leo sijui nilipiga peke yangu muda gani, na sitaki kuambiwa.

Nimepata kazi kwenye uwanja wa hoki wa mtaani kwetu, naendesha ile mashine ya kulainisha barafu. Kazi nzuri. Hakuna anayeniongelesha nikiwa juu yake.

Huyo kijana mpya, Curtis, mwambie asikimbie. Bluzi haikimbiwi. Na wewe, majira yamefika: ukitoka kwenye baridi ukaingia ukumbini, sanduku la gitaa likae limefungwa masaa manne lipate joto polepole. Unakumbuka Kapuskasing, mwaka 74? Ulilifungua palepale karibu na hita, vanishi ikapasuka ta-ta-ta mbele ya macho yetu, uso wote wa gitaa ukawa kama bwawa lililokauka. Ulilia, na ulikuwa na miaka ishirini na mitatu. Mimi nilikwambia subiri. Wewe lini umewahi kusubiri?

Niandikie kila kitu. Kila mji, kila ukumbi, sakafu ilikuwa ya nini.

Kaka yako,
Reino


Moose Jaw, Saskatchewan
21 Januari 1987

Kaka Reino,

Shikamoo kaka. Natumai wewe na shemeji Sirkka ni wazima. Sisi tunapumua, ingawa pumzi zenyewe zinaganda kwenye ndevu. Asubuhi hii ilikuwa nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri. Curtis alisahau kuchomeka waya wa kupasha injini, gari likawa jiwe. Tumesukuma mpaka Dougal akatukana kwa lugha tatu, Kiingereza, Kikrii na moja aliyoitunga hapohapo.

Umeomba sakafu, haya. Kenora, mbao. Winnipeg, zulia juu ya zege, ungeichukia. Brandon hatukwenda. Swift Current ni uwanja wa hoki, wamelaza mbao juu ya barafu kama kule nyumbani, nikakukumbuka mpaka nikasahau ubeti wa pili. Ni kweli, nimeusahau wimbo wangu mwenyewe. Watu walidhani nimeguswa na hisia, wakapiga makofi.

"Barafu ya Machi" bado inatubeba, kaka. Sheria inataka redio zipige nyimbo za nyumbani kiasi chake, basi huu wetu wanaupiga wakiwa na nia na wakiwa hawana. Nimeusikia kwenye kituo cha mafuta, nimeusikia kwa kinyozi. Swift Current alikuja mzee mmoja mkulima wa ngano, ameendesha kilomita mia mbili na mkewe. Akaniuliza, "Yuko wapi yule wa dramu? Mimi nimekuja kwa ajili ya ubeti wa tatu." Nikamwambia amepumzika. Akasikitika kweli.

Curtis anajitahidi, lakini hakuna anayeingia ubeti wa tatu kama ulivyoingia kwenye santuri ile. Kila mtu anasema hivyo. Nimeona niandike ili ulijue.

Gitaa nalingoja masaa manne, kaka, nakuapia. Leo Dougal aliniona nimekaa mbele ya sanduku naangalia saa, akaniuliza kama nasubiri mkate uive.

Mdogo wako,
Martti


Thunder Bay
15 Machi 1987

Mdogo wangu Martti,

Marahaba. Barua yako imefika, nimeisoma mara mbili, na Sirkka ameisoma ya tatu kwa sababu ya matusi ya Dougal. Afya zetu njema. Mama Niemi wa pale kona amefariki, tumemzika Jumanne, ukumbi wa kanisa ulijaa mikate ya iliki mpaka tukagawiwa ya kubeba. Angekuwa hai angesema ni minene mno.

Sasa sikia kioja. Klabu ya askari wastaafu wamelitundika jalada la santuri yetu ukutani, juu ya meza wanapouzia tiketi za bahati nasibu ya nyama kila Jumamosi. Wamelitia fremu na kioo. Jumamosi iliyopita wakalishusha, wakanipa kalamu nyeupe, watu wote wamenyamaza, au nadhani walinyamaza, maana midomo ilitulia. Walitaka nitie saini. Nikawarudishia kalamu yao. Nimeshatia saini plasta ya mguu wa golikipa, nimetia saini kofia, hata jokofu la yule Kovanen, lakini lile jalada nimelikataa. Sasa wananiona nimejaa majivuno. Waache. Nyama nilishinda hata hivyo, nyama ya nguruwe ya mguu mzima.

Nina ombi. Ile kaseti ya Kenora ya mwaka 79, tuliyorekodi uwanjani juu ya barafu, Dougal anayo? Sauti mbaya, najua, kuna mlevi anaita mbwa wake wimbo mzima. Naitaka hiyohiyo.

Nimegundua starehe moja, nikwambie. Nimenunua spika kubwa kwa mtu anayehama, ya kabati la mbao, inafika kiunoni. Nawasha kaseti zetu za zamani, naweka kiganja juu ya kabati, nafumba macho. Watu wote nawajua humo. Wewe unaniwasha kwenye ncha za vidole. Dougal anakuja kwenye kifundo cha mkono, na anachelewa, bado anachelewa. Sirkka ananiona nimesimama nimelishika kabati kama mtu anayeapishwa, anapita zake.

Santuri yetu kubwa siiweki. Hiyo nimeshaijua.

Usinisifie tena kwenye barua, Martti. Niambie sakafu.

Kaka yako,
Reino


Sault Ste. Marie, Ontario
7 Novemba 1993

Kaka Reino,

Shikamoo. Mniwie radhi wewe na shemeji, najua miaka hii mmepata kwangu kadi za Krismasi tu, na mwaka jana hata hiyo hamkuipata. Natumai afya zenu njema, na mguu wa shemeji umepona.

Imekwisha, kaka. Jana tulipiga mara ya mwisho. Ukumbi wa hoteli, sakafu ya mbao iliyofunikwa plastiki, watu arobaini na mmoja. Najua ni arobaini na mmoja kwa sababu Dougal aliwahesabu kutoka jukwaani, akanionyesha kwa vidole. Curtis aliondoka tangu majira ya joto, anauza magari Calgary. Tuliyekuwa naye jana alikuwa wa kuazima, hakuzijua nyimbo, akawa anamwangalia Dougal bega. Nikageuka nikaona Dougal analishusha lile bega kama alivyokuwa akikufanyia wewe. Nilishindwa kumalizia wimbo.

Ishirini na mbili, kaka. Miaka ishirini na mbili tangu tupige ndani ya banda la mama la kuogea kwa mvuke, wewe ukiwa na ndoo ya kuogea katikati ya magoti. Maonyesho ya kilimo yote ya nchi hii tumeyapigia, kati ya mashindano ya mahindi na mashindano ya ng'ombe. Viwanja vikubwa mara tano. Wimbo mmoja ambao watu wanaujua. Sijui kama hayo ni mengi au machache.

Nakwenda kukaa Toronto, kuna duka la kutengeneza magitaa limenikubali. Kuna jambo nilitaka kukuambia, lakini nimechoka, acha leo.

Mdogo wako,
Martti


Thunder Bay
14 Novemba 1993

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole. Pole sana. Nimekaa na barua yako juu ya mashine ya barafu, nikapitisha mstari mmoja mara mbili, wachezaji wakanipungia mikono nitoke.

Ni mengi. Usiniulize tena.

Mguu wa Sirkka umepona, anakusalimu. Umeandika kuna jambo. Karatasi haijaisha madukani, mdogo wangu. Siku yoyote.

Kaka yako,
Reino


Toronto
19 Novemba 1995

Kaka Reino,

Shikamoo kaka. Natumai barua hii inawakuta wazima. Mimi ni mzima, lakini sijalala vizuri wiki tatu, na utaona kwa nini. Tafadhali kaa chini uisome. Shemeji akiwepo, naye akae.

Wanataka kuitoa upya santuri yetu ya mwaka 84, kwa CD, na kijitabu ndani chenye picha na majina ya kila aliyepiga kila chombo. Kampuni imeniambia mimi ndiye niandike majina. Mwisho ni tarehe mosi Machi. Wiki hiyohiyo nimepata barua kutoka Montreal, kwa mama anaitwa Mireille Theriault. Mumewe Gaston amefariki majira ya kuchipua. Anauliza kwa heshima kabisa kama safari hii jina la Gaston linaweza kuandikwa.

Kaka, Gaston Theriault ndiye aliyepiga dramu kwenye santuri ile. Nyimbo zote tisa.

Nimeandika. Sasa niseme yote. Unakumbuka Februari ile tulikuwa studio hapa Toronto, sakafu ilikuwa ya zege lenye zulia. Ulikuwa unatoka nje ya wimbo, kaka. Si sana, lakini kila mara. Raskin, yule mtayarishaji wetu, alituita mimi na Dougal nje kwenye theluji akasema, "Ama dramu zirudiwe na mtu mwingine, ama hakuna santuri." Tulikuwa tumesubiri miaka kumi na tatu. Dougal alisema tukuambie. Mimi ndiye niliyesema hapana. Siyo Raskin, ni mimi. Nilisema ukijua utaacha bendi, na wewe ukiacha hakuna bendi.

Ijumaa ulimaliza kipande chako cha mwisho, tukasimama sote nyuma ya kioo tukakupigia makofi. Gaston alikuwa ameshapigiwa simu. Jumamosi tukakupandisha treni, tukakuambia ukapumzike na Sirkka. Jumatatu na Jumanne akapiga. Alikuwa mtu mpole, alikula chakula chake peke yake kwenye ngazi, hakuuliza kitu. Alilipwa siku mbili, akaambiwa asiseme, na hakusema mpaka kufa.

Kiangazi kile tukaingia barabarani, nikawa nakuogopa. Lakini ukawa unapiga sawasawa na santuri, hata ule ubeti wa tatu. Nikajiambia, kumbe tofauti ilikuwa ndogo. Nikajiambia hivyo miaka kumi na miwili karibu. Nimekuacha ukipewa sifa mbele za watu, mimi mwenyewe nikakuandikia sifa kwa mkono wangu kutoka Moose Jaw. Nikiikumbuka barua ile naona haya.

Sasa nifanye nini? Nikiandika jina la Gaston, jina lako linatoka kwenye kitu pekee ambacho watu wanakujua nacho. Nikiandika lako, yule mama anakaa Montreal na mumewe hakuwahi kuwepo. Nimeona siwezi kuandika chochote kabla hujanijibu. Niambie, kaka. Utakalosema ndilo nitakaloandika.

Mdogo wako,
Martti


Toronto
8 Januari 1996

Kaka Reino,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya kwako na shemeji. Natumai ni kazi tu za uwanjani zimekubana, maana Desemba ni mechi juu ya mechi.

Sijapata jibu lako. Nimewauliza posta kama kuna mifuko iliyopotea, wakaniangalia kama mwendawazimu. Nilipiga simu Krismasi, shemeji akapokea. Nikamuuliza kama barua imefika, akasema, "Imefika, Martti," halafu akaniambia mikate ameoka mingi mwaka huu. Sikuthubutu kuendelea.

Nitukane, kaka. Umenitukana kwa makosa madogo maisha yetu yote, hili kubwa ndiyo unanyamaza?

Mdogo wako,
Martti


Toronto
26 Februari 1996

Kaka Reino,

Shikamoo. Natumai mna afya. Sitauliza tena kwa nini hujaandika.

Wamenipigia simu leo, wamesema Ijumaa, tarehe mosi, wanafunga. Nilikaa dukani na gitaa la mtu bila nyuzi mapajani, mchana kutwa. Nilitaka sana useme "andika la kwangu," nisingebisha. Nilitaka pia useme "andika la kwake," ili lawama iwe yako. Jioni nimeona nilichokuwa nakuomba kweli. Nilikuwa nataka wewe unibebee, kama ulivyonibebea vipaza sauti tangu nina miaka ishirini.

Nimeandika hivi, neno kwa neno: "Dramu: Gaston Theriault. Reino Hakala, mpiga dramu wa bendi tangu 1971, alizipiga nyimbo hizi kwanza. Kazi yake ilifutwa bila yeye kuambiwa. Aliyetaka asiambiwe ni mimi." Nikatia saini yangu. Kampuni hawakupenda sentensi mbili za mwisho. Nimewaambia basi watoe na picha yangu.

Nisamehe ukiweza. Usipoweza, nimeelewa.

Mdogo wako,
Martti


Thunder Bay
17 Machi 1996

Mdogo wangu Martti,

Hujambo? Sisi hatujambo. Sirkka alikuwa na kifua, amepona. Theluji bado imefika madirishani. Barua zako zote tatu zilifika, kila moja kwa siku yake, kwa hiyo waache watu wa posta wapumzike.

Nilinyamaza makusudi. Sirkka amenigombeza tangu Novemba, ameniita roho ngumu, na usiku mmoja akalala chumba cha wageni. Lakini uliniandikia "utakalosema ndilo nitakaloandika", na mimi nikataka kuona utaandika jina la nani bila ya mimi kukuambia. Ningejibu, mpaka leo nisingejua.

Haya, sasa kaa chini wewe. Najua tangu Juni ya mwaka 84.

Sirkka aliinunua santuri siku ileile ilipoingia dukani, hata kabla hamjatutumia yetu. Wakati ule nilikuwa bado nasikia kidogo, lakini kiganja ndicho nilichokiamini. Nikakiweka kwenye spika yetu ndogo ya wakati ule. Ubeti wa kwanza nikafurahi, nikasema wametutengeneza vizuri. Wa pili nikaona mguu ule kwenye ngoma kubwa si wangu. Ubeti wa tatu yule bwana akaingia. Mimi huwa nachelewa kidogo pale, kama mtu anayekung'uta viatu mlangoni. Na mimi natumia mkono wa kushoto, naanzia ngoma nene napanda. Yeye alianzia nyembamba akashuka, moja kwa moja, bila kubisha hodi. Nikabandua mkono. Sirkka akaniuliza, "Vipi?" Nikamwambia, "Nzuri." Na sikumdanganya. Alipiga vizuri kuliko mimi, Martti. Nililia kwa hilo, wala siyo kwa ninyi.

Unasema kiangazi kile nilipiga sawasawa na santuri. Ulidhani ilitokea yenyewe? Nilijifunza. Wiki tatu nimesimama chumba cha chini na kiganja kwenye lile boksi, nikimfuata mtu nisiyemjua, nageuza mikono yangu, naanzia alikoanzia. Watu walikuwa wanakuja kwa ajili ya ubeti wa tatu, na nisingeupiga wake wangejua, na wakijua santuri ingekufa, na wewe pamoja nayo. Kwa hiyo miaka miwili nilipiga dramu za mtu mwingine kila tulipopanda jukwaani. Ndiyo maana jalada lile sikulitia saini. Halikuwa langu.

Dramu kurudiwa nimewasamehe zamani. Raskin alisema kweli, nilikuwa natoka nje ya wimbo. Nitakuambia kilichoniuma, halafu sitakisema tena. Ni makofi. Niliwaona nyuma ya kile kioo, mikono yenu inagongana na mimi sisikii kitu, nikafurahi kama mjinga. Nilishuka kwenye treni hapa nikamwambia Sirkka, "Walinipigia makofi." Nilimwambia hivyo, Martti. Kila nikikumbuka nimemwambia maneno yale natamani kujificha.

Sasa umeandika "kazi yake ilifutwa bila yeye kuambiwa", na umetia saini. Sirkka alinisomea kwa midomo yake polepole, ingawa macho ninayo, kwa sababu alitaka kuyasema yeye. Basi. Yametosha.

Mwandikie Mama Mireille kwa niaba yangu, wewe unajua kupanga maneno. Mwambie kuna mtu mmoja aliyemsikiliza mumewe kuliko watu wote wa nchi hii, anakijua kila kijiti kilipoangukia, na mtu huyo ni kiziwi wa Thunder Bay. Mwambie alikuwa fundi. Na kwamba siku ile asingekula kwenye ngazi kama ningekuwepo.

Jumamosi tarehe thelathini tunafunga msimu hapa uwanjani. Barafu bado ipo, tunalaza mbao juu yake kwa ajili ya dansi. Mimi ndiye ninayezilaza, kwa hiyo nazijua moja moja. Dougal ameshasema anakuja, atakaa kulia kwangu na bega lake. Tutapiga "Barafu ya Machi", na ubeti wa tatu nitaingia kwa kuchelewa, kama mimi. Klabu wakishangaa, washangae.

Lete gitaa. Uje mapema, maana baridi bado kali, na ukifika uliweke pembeni, usiliguse mpaka masaa manne yaishe. Zamani nilikuwa sina imani na wewe kwenye hilo. Lakini sanduku hili jingine umelikalia miaka kumi na miwili ndipo ukalifungua, nami nilikuwa nje yake muda wote nangoja. Masaa manne hayatakushinda.

Barua hii usiijibu. Soksi zako bado ziko kwa Sirkka.

Kaka yako,
Reino